Shukrani kwa aliyetuelekeza kupaka samurai mwekundu

Ndugu uliyetusaidia bila kutaja jina, asante sana. Sanamu yetu ndogo ya resini (aina ya plastiki ngumu), ya samurai wa kikosi cha jemadari Mjapani Ii Naomasa, waliovaa deraya nyekundu katika vita vya Sekigahara, Japani, mwaka 1600, imekamilika. Ulisema resini ioshwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana mafuta yaliyobaki kutoka kwenye kalibu hubandua rangi. Mabamba ya mabega yasigundishwe mapema, brashi ipate kufika kwapani. Lililotufaa zaidi ni namna ya kupaka nyuzi za hariri zinazofunga mabamba ya deraya: nyekundu iliyokolea chini, kisha mistari myembamba ya nyekundu nyepesi juu ya kila uzi, na vanishi isiyong'aa. Mabamba yenyewe yang'ae, kwani deraya halisi zilipakwa laka. Supa gluu ikizidi huacha ukungu mweupe. Tone la ncha ya sindano latosha. Mungu akubariki.