Zabuni za hifadhi ya data zisiishie kwenye petabaiti

Mhariri,

Kila taasisi ya utafiti inapotangaza zabuni ya mitambo ya kuhifadhi data, kinachoandikwa ni ukubwa tu: petabaiti moja (yaani terabaiti 1,000), petabaiti tatu. Ni nadra kusikia mtu akiuliza data hizo zitatoka kwa kasi gani siku mtafiti akizihitaji. Kwetu sisi tunaosimamia mitambo hii, swali hilo ndilo la kwanza.

Tuanze na wanaosema tepu, yaani kaseti za utepe wa sumaku, zimepitwa na wakati. CERN, kituo cha fizikia kilichoko Geneva, mwaka 2023 kilivuka eksabaiti moja (petabaiti 1,000) ya nafasi ya diski, na bado data za majaribio yake zinahifadhiwa kwenye tepu. Kaseti moja ya LTO-9, kizazi cha tisa cha aina ya LTO, inabeba terabaiti 18 na haili umeme ikiwa rafuni. Kwa hiyo kosa si kununua tepu. Kosa ni kununua tepu bila kufikiria diski iliyo mbele yake, ambayo mafundi huiita kache. Diski hiyo ndiyo inayopokea data mpya na kushika zile zinazoombwa mara kwa mara. Mtumiaji haoni tepu kabisa: anaomba faili, na lisipokuwepo kwenye kache, roboti anaitafuta kaseti na kuipeleka kwenye draivu, mashine inayoisoma na kuiandika.

Hapo ndipo hesabu za zabuni nyingi zinapoharibika. Draivu ya LTO-9 husoma megabaiti 400 kwa sekunde, hivyo kaseti nzima humalizika kwa saa 12 na nusu. Lakini utepe uliomo ndani una urefu wa zaidi ya kilomita moja, na kufika pale faili lilipo huchukua kwa wastani kama sekunde 50. Mtafiti akiomba mafaili 1,000 ya megabaiti 500 yaliyotawanyika kwenye kaseti moja, na mfumo ukayaleta kwa mpangilio alioyaorodhesha yeye, kutafuta peke yake kunakula karibu saa 14. Afadhali kaseti yote ingesomwa mwanzo hadi mwisho! Dawa ni kuomba yote kwa mkupuo, kisha mfumo uyapange kufuata mahali yalipo kwenye utepe. Programu inayoomba faili moja, ikasubiri, ndipo iombe la pili, inavuruga mpango huo, na programu nyingi za watafiti ndivyo zilivyoandikwa.

Wakati wa kuandika kwenye tepu, shida ni nyingine. Diski ya kawaida inayozunguka hutoa megabaiti 200 hadi 250 kwa sekunde ikisoma kwa mfululizo, chini ya kasi ya draivu, na kasi hiyo huanguka vibaya ikihudumia wasomaji wengi. Draivu ikikosa data ya kutosha, utepe husimama, hurudi nyuma, huanza tena. Kasi inapotea na utepe unachakaa. Ndiyo maana CERN waliweka diski za SSD, zisizozunguka na zenye kasi zaidi, mbele ya draivu zao za tepu, kwa kazi hiyo tu, mbali na diski kubwa za watafiti. Mafaili madogo nayo yafungwe pamoja kuwa furushi la gigabaiti kadhaa kabla ya kwenda kwenye tepu.

Sasa kanuni za kufuta. Kwa kawaida kache hujisafisha ikifika asilimia 90 na kuacha ikishuka hadi 80, ikianza na mafaili ambayo hayajaguswa kwa muda mrefu. Kanuni hiyo ni nzuri mpaka atokee mtu mmoja anayepitia data ya miaka yote mara moja tu: kila anachosoma kinakuwa kipya, na vile vinavyotumiwa na wenzake kila siku vinafutwa. Kazi za namna hiyo zipewe fungu lake la diski. Anayeruhusiwa kushikilia faili lisifutwe naye apewe tarehe ya mwisho, la sivyo baada ya miezi michache kache nzima imeshikiliwa na watu waliokwisha kuhama kazi. Na jihadharini na programu ya kusaka virusi au ya kufanya nakala rudufu: ikifungua kila faili, inaamuru kila kaseti ishuke rafuni, usiku mmoja.

Mpangilio wa hifadhidata yenyewe una uzito kuliko yote hayo. Jaribio la fizikia ya chembe la BaBar katika maabara ya SLAC, California, lililokusanya data kati ya 1999 na 2008, lilianza na hifadhidata iliyotumia programu ya Objectivity, iliyokaa mbele ya tepu zilizosimamiwa na mfumo wa HPSS. Muhtasari mfupi wa kila tukio, yaani kila mgongano wa chembe uliorekodiwa, ulitengwa na data ghafi. Mtafiti anachuja kwenye muhtasari ulioko diskini, na tepu inaguswa kwa machache yaliyobaki. Vikichanganywa kwenye faili moja, kuulizia namba moja kunaleta gigabaiti nzima. Faharasa na katalogi, zinazoonyesha kila kitu kiko wapi, zisishuke kwenye tepu hata siku moja.

Ukubwa wa kache hupigwa hivi. Taasisi ikipokea terabaiti 10 kwa siku na draivu ikaharibika, kipuri kikachukua siku tano kufika, kuna terabaiti 50 ambazo hazijaandikwa kwenye tepu na haziruhusiwi kufutwa. Nafasi hiyo iongezwe juu ya ile ya wasomaji. Draivu moja ikipona huweza kuandika kama terabaiti 34 kwa siku ikienda bila kusimama, huku 10 mpya zikiingia, kwa hiyo deni linalipwa kwa siku mbili au zaidi kidogo, ikiwa hakuna anayesoma. Mwenye draivu moja tu hana mfumo. Faili lifutwe diskini baada tu ya namba yake ya uhakiki, inayopigwa kutokana na yaliyomo ndani yake, kulingana na ile iliyopigwa siku lilipopokelewa, na nakala ya pili iwe kwenye kaseti nyingine, jengo lingine.

Kwa sisi wa pwani kuna la ziada: kaseti za kuhifadhi muda mrefu hutaka nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa hupita kiwango hicho mara kiyoyozi kinapozimika. Jenereta inayowasha seva bila kiyoyozi haitoshi.

Basi zabuni iandike haya: idadi ya draivu, kasi ya diski zinazozilisha, muda wa kurudisha mafaili 1,000 yaliyotawanyika, na mshahara wa msimamizi kwa miaka mitano. Iandike pia fedha za kuhamisha data, kwani draivu ya LTO-9 husoma kaseti za LTO-8 lakini haisomi za LTO-7.

Wasimamizi wa hifadhi ya data,
Dar es Salaam