Shukrani kwa mama aliyenielekeza joto la mayai

Mama yangu, sikupata hata kukuuliza jina. Ulinisikia pale Morogoro, kwenye duka la chakula cha kuku, nikimuuliza muuzaji habari za mashine ya kutotolesha mayai, ukautua mzigo wako ukanielekeza.

Wengine husema "nyuzi 37.5" wakaishia hapo. Wewe uliuliza kwanza kama mashine ina feni. Yenye feni husambaza joto sawasawa, hiyo 37.5 inatosha. Isiyo na feni, hewa ya moto hukaa juu, kwa hiyo kipimajoto kiwe usawa wa juu ya mayai na kisome nyuzi 38.5 hivi. Ukasisitiza: joto likizidi huua haraka kuliko likipungua kidogo, basi mashine isipigwe na jua. Neno hilo nalithamini mno. Mengine ukayasema kwa ufupi: kugeuza mayai hadi siku ya 18, kisha kuongeza unyevu na kutofunua kifuniko mpaka ya 21.

Vifaranga wametoka, wachangamfu, wanadonoa. Mungu akuzidishie, mama. Ukipita tena dukani, mwachie muuzaji namba yako. Nimekutengea wa kwako.