Ramani za nyuma ya Biblia, nani anazifungua?

Mhariri naomba nafasi kidogo, mimi ni mwalimu wa sande skuli huku Mwanza na nina neno na walimu wenzangu. Biblia nyingi zina ramani kule nyuma, tena za rangi, ila darasani hazifunguliwi kabisa, tunasimulia tu Yesu akaenda Kapernaumu, akapita Samaria, akafika Yeriko, mtoto anabaki anadhani hiyo miji iko mbinguni.

Watoto wa huku ukiwatajia Bahari ya Galilaya kichwani wanaona Ziwa Victoria, maji hayana mwisho. Sasa waonyeshe kwenye ramani, lile ziwa lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana 13, ukisimama huku unaiona ng'ambo, hili letu ni kubwa kama mara 400. Hapo ndo Marko 6 inaeleweka, pale Yesu na wanafunzi wanapanda chombo halafu watu wanakimbia kwa miguu na kuwatangulia kufika, maana huku kwetu nani atazunguka ziwa kwa miguu awahi boti??

Au yule Msamaria mwema. Yerusalemu iko mita kama 750 juu ya usawa wa bahari, Yeriko iko mita 250 hivi CHINI ya usawa wa bahari, na katikati ni kilomita 27 tu za mteremko, jangwa na makorongo, mnyang'anyi anajificha anavyotaka. Kwa hiyo tafuteni ramani inayoonyesha milima na mabonde, sio yenye majina matupu.

Wakubwa kidogo wapeni safari za Paulo, wengi hawajui Tarso na Efeso ziko Uturuki ya leo. Ila msianzie na ramani ya kwenye simu jamani, ile ina barabara za lami na mipaka ya sasa, mtoto anachanganya na taarifa ya habari na atauliza kwa nini Yusufu hakupanda basi.

Na msiniambie hakuna hela, spika mpya zinanunuliwa kila siku. Karatasi ya manila na maka pen zinatosha, au wachore chini kwenye mchanga, Yordani wachimbe kamfereji wamwage maji. Na kama kanisa lina ramani kubwa imefungiwa ofisini kwa mchungaji itoeni mbandike chini kabisa usawa wa macho ya mtoto, sio kule juu karibu na saa.

Mwalimu wa sande skuli,
Mwanza