Barua kwa Mwanaisha, kutoka Lamu

Mwanangu Mwanaisha,

Huku hatujambo sote. Kusi imeshika na mashua nyingi zimefungwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mwalimu mmoja amekwambia habari za wavuvi wa kwetu ni hadithi, si uchumi, na hesabu zako hazitoshi. Limenichoma neno hilo, mwanangu, mimi niliyeshika chaki miaka yote ile.

Basi nikueleze kuhusu Elinor Ostrom, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza jinsi watu wanavyotunza mali ya pamoja. Alipotaka kusomea udaktari wa uchumi Los Angeles alikataliwa, hakuwa na hesabu za kutosha. Shuleni wasichana hawakuhimizwa kuzisoma. Akaingia sayansi ya siasa. Huko akamkuta mwalimu, Vincent Ostrom, aliyekuja kuwa mumewe, ambaye aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuchunguza maji ya chini ya ardhi. Elinor alipata eneo ambalo visima vilivutwa kupita kiasi hata maji ya bahari yakaanza kuingia. Akaona watu wakikutana, wakibishana, wakipatana. Tasnifu yake ya 1965 ilitoka humo.

Miaka mitatu baadaye Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, aliandika kwamba malisho ya watu wote pamoja mwisho wake ni kuharibika, na wengi wakamwamini. Lakini Elinor alikuwa ameshaona watu wa visima wakipatana. Katika kitabu chake cha 1990 anaeleza wavuvi wa Alanya, Uturuki: kila Septemba hugawana mahali pa kuvulia kwa bahati nasibu, kisha kila siku mtu husogea nafasi moja kuelekea mashariki, na kuanzia Januari hurudi kuelekea magharibi. Penye samaki kila mtu hupafikia kwa zamu yake, na ukivamia pa mwenzio, mwenyewe yupo, anakuona. Niliposoma hapo nilimkumbuka babu yako na madema yake. Mwaka 2009 Elinor akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi.

Hesabu usiziache, nakusihi. Zitafutie mwalimu mwingine. Wala mwalimu si lazima awe profesa: Amartya Sen, mchumi wa India, kitabu cha mchumi Kenneth Arrow kuhusu jinsi jamii inavyochagua alioneshwa na mwanafunzi mwenzake, Sukhamoy Chakravarty, huko Calcutta, na kazi yake kubwa ikaanzia hapo.

Ukija likizo njoo na daftari. Ami yako wa Matondoni amekubali kututoa bamvua ijayo. Muulize nani hutega mwamba upi, na nani aliamua.

Mamako