Mwasho bila upele: pimeni ALP, msiishie ALT

Ndugu Mhariri,

Mwanamke wa miaka 50 hivi anawashwa usiku, hasa viganja na nyayo, na ngozi haina upele. Anaamka kachoka. Akipimwa homa ya ini B na C hana. ALT na AST, vimeng'enya vya seli za ini, zimepanda kidogo tu. Anapewa dawa ya aleji. Hivyo ndivyo PBC (primary biliary cholangitis) inavyopita bila kuonekana. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mirija midogo ya nyongo ndani ya ini, na mirija ikiumia kinachopanda hasa ni ALP, kimeng'enya kinachotoka kwenye mirija hiyo. Fomu ya maabara iliyoandikwa "vipimo vya ini" tu haitoshi. Iandikwe ALP na GGT kwa majina.

GGT, kimeng'enya kingine cha ini, ya nini? ALP hutoka pia kwenye mifupa, na kwa mjamzito kwenye kondo la nyuma. Zote mbili zikiwa juu, tatizo ni la ini. Ifuate ultrasaundi, kuhakikisha hakuna jiwe wala uvimbe uliobana mrija mkubwa, kisha AMA, kingamwili zinazolenga mitokondria za seli. ALP inayobaki juu pamoja na AMA ya 1:40 au zaidi (yaani bado zinaonekana sampuli ya damu ikizimuliwa mara 40) hutosha kuutambua ugonjwa bila kutoa kinyama cha ini.

Tunaomba sana AMA isisomwe kama kipimo cha ukali wa ugonjwa. Mwenye 1:640 si lazima awe na hali mbaya kuliko mwenye 1:80, na kuirudia kila baada ya miezi michache ni kumtoza mgonjwa bure. Wagonjwa 5 hadi 10 katika kila 100 hawana AMA kabisa. Hao watafutiwe kingamwili nyingine, zinazolenga protini za kiini cha seli ziitwazo sp100 na gp210.

Dawa ya kuanzia ni UDCA (ursodeoxycholic acid), miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji kama vidonge vitatu vya miligramu 300. Kimoja hakimfikishi popote. Akipewa pia kolestiramini ya kutuliza mwasho, zipishane kwa muda wa saa nne, la sivyo kolestiramini huinasa UDCA tumboni.

Baada ya miezi 12 ALP ipimwe tena. Ikiwa bado imezidi mara moja na nusu ya kikomo cha juu cha maabara, daktari afikirie kuongeza dawa nyingine. Bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo, isisubiriwe: hupanda kwa kuchelewa, macho yakigeuka manjano ini limeshaharibika sana.

Wataalamu wa maabara ya tiba,
Dar es Salaam