Ahsante mzee wangu wa Majengo

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Sikukuuliza jina siku ile kwa fundi redio, jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, na jambo hilo linaniuma.

Nilikuja na Apple IIe, kompyuta iliyotoka 1983, niliyoachiwa na marehemu mjomba. Programu yangu ya kutambua kadi, yaani vibao vya ziada vinavyochomekwa ndani ya kompyuta, haikutambua hata moja. Ulizichomoa kadi zote mbili, ukasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, taratibu, ukapuliza. Vumbi la kwetu unalijua.

Kisha ukaomba daftari langu. Ukaandika anwani, yaani namba ya mahali katika kumbukumbu ya kompyuta: 49152, jumlisha 256 mara namba ya nafasi kadi ilipochomekwa. Kutoka hapo ongeza 1, 3 na 5. Ukisoma humo 32, 0 na 3 kwa mfuatano huo, hiyo ni kadi ya diski. Nilikuwa nasoma anwani nyingine kabisa.

Usiku ule skrini ikaandika NAFASI YA 6: DISKI. Nilimwamsha mama aje aone.

Ukurasa ule ninao, mwandiko wako wa kulalia kushoto. Ahsante sana, mzee wangu. Mungu akujalie afya.