Abuja kulikuwa na ahadi mbili

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu nafundisha mpaka nimestaafu na sijawahi kuwaandikia hata mara moja. Ila ile makala yenu ya juzi, ile ya kufurahia kwamba wafadhili wamepunguza hela za UKIMWI, TB na malaria eti sasa ndio Afrika itajifunza kujitegemea, imenikaa kooni. Mwandishi wenu kaleta Azimio la Abuja, kwamba viongozi wetu waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, nchi nyingi hazijatimiza, kwa hiyo tuache kuombaomba. Hapo kwenye asilimia 15 namuunga mkono kabisa, tena akaze. Lakini mbona kasoma nusu?

Abuja, Nigeria, Aprili 2001, kulikuwa na ahadi mbili. Viongozi wetu walijifunga na hiyo asilimia 15, na kwenye azimio hilohilo wakazitaka nchi tajiri zitimize lengo la kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kama misaada ya maendeleo. Kofi Annan alisimama kwenye mkutano huohuo akaomba uwepo mfuko wa dunia nzima wa kupambana na haya magonjwa, na Januari 2002 Global Fund ikaanza kazi. Hakuna aliyesema pale tuchague moja. Kwa hiyo wadaiwa wako pande zote mbili, sasa kwa nini anayesamehewa deni awe ndio yule mwenye hela nyingi?

Mwezi wa 11 mwaka 2025 kule Johannesburg mfuko huo wa Global Fund uliomba dola bilioni 18 za miaka mitatu, zikaahidiwa bilioni 11.34. Miaka mitatu nyuma yake, kwenye mchango ulioanzia New York, ahadi zilifika bilioni 15.7. Na kabla hata ya Johannesburg, mwaka huohuo wa 2025, ruzuku ambazo nchi zilishapangiwa zilikatwa bilioni 1.43, yaani kazi inaendelea mtu yuko site hela inakatwa. Halafu sheria ya Marekani hairuhusu mchango wao uzidi asilimia 33 ya michango yote, maana yake Ulaya wakilegea na Mmarekani analegea hapohapo na sababu anayo. Mwandishi wenu hayo hakuyagusa.

Sasa niwaambie ikifika huku chini inakuwaje. Mtoto wa dada yangu ni konda wa daladala. Alianza kukohoa, akaenda duka la dawa akapewa syrup na vidonge vya rangi mbili bila mtu kumuuliza chochote, vikaisha akaongezewa vingine, anakonda, usiku analoa jasho mpaka shuka inakamuliwa, nikambeba kwa nguvu mpaka zahanati. Pale wakampa kikopo atoe makohozi, vizuri, wahudumu wale hawana neno baya wale, ila zahanati haina mashine, makohozi lazima yaende hospitali ya wilaya. Zamani kulikuwa na kijana wa kujitolea anayapitia na bodaboda kila wiki, mradi wa wafadhili unamlipa mafuta, na majibu anayarudisha yeye mwenyewe. Mradi umesitishwa, mafuta hamna, kijana kaacha. Tukaambiwa subirini mpaka itokee gari inayoenda huko. Tumesubiri, tumesubiri, na yule mtoto ameendelea kuning'inia mlangoni mwa daladala anaita abiria na kukohoa kwa sababu konda asipoingia kazini siku hiyo watoto wake hawali, na mtoto wake mdogo analala naye chumba kimoja. Mwishowe nikaenda kuomba kikopo kipya, nikakiweka kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, ndani ya kontena la chakula, nikazungushia zile barafu za ukwaju wanazouziwa watoto wa shule maana niliambiwa kisipate joto, nikapanda bodaboda kwa hela yangu ya pensheni. Majibu: TB. Mimi mwalimu mstaafu nimepata hiyo nauli, je yule ambaye hana shangazi wala mama mdogo mwenye pensheni? Huyo ndio anakohoa mpaka leo, na wala hayumo kwenye takwimu za mtu yeyote.

Na hizi daladala zenyewe nani anazikagua? Vioo havifunguki, vishikio vimeng'oka, vingine vimepigwa silikoni kabisa, watu wamejazana wanapumuliana usoni, trafiki anasimamisha gari anaangalia leseni na stika ya bima anaruhusu. Dirisha wazi ni kinga ya TB isiyohitaji mfadhili wala mkutano! Hilo nalo limetushinda.

Watu wanaosema dawa zikikosekana tutazoea hawajui TB. Ni miezi sita ya vidonge kila siku, miwili ya mwanzo dawa nne kwa pamoja, mkojo unakuwa wa rangi ya chungwa mgonjwa anaogopa anataka kuacha, anatakiwa mtu wa kumtia moyo. Akikatiza katikati inaweza kurudi TB sugu, ya dawa ghali zaidi, na hiyo inasafiri kwa ndege kama mtu mwingine yeyote mpaka kwa hao waliofunga mfereji. Mwaka 2023 TB iliua watu milioni 1.25 duniani, ugonjwa unaotibika!

Mimi ni mzaliwa wa Kagera, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika kwetu mwaka 1983. Nimefundisha madarasa ambayo watoto wanalelewa na bibi, baba hayupo mama hayupo. Dawa zilipoanza kutolewa bure 2004, hela kubwa ilitoka Global Fund na kwa Wamarekani kupitia PEPFAR, mpango wao wa UKIMWI, na niliona kwa macho yangu watu waliokwisha kuagwa wakirudi shambani. Mtu asiniambie ile misaada ilitudhoofisha. Ilitubakiza hai.

Ombi langu Mhariri. Kila mwezi chapeni jedwali ukurasa wa nyuma, pembeni ya msimamo wa ligi ambako kila mtu anasoma: nchi, ilichoahidi Johannesburg, ilicholipa mpaka sasa. Chini yake wekeni na sisi, afya imetengewa asilimia ngapi na Hazina imetoa ngapi kweli. Na kila halmashauri iweke kwenye bajeti kifungu kinachoitwa nauli ya makohozi, kwa jina hilohilo ili asitokee mtu akakihamishia kwenye posho za semina. Madiwani mnaosoma hapa, kiingizeni kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro